Ngozi za Uyoga

Simu ya Dokta Ezra ilimkuta Anneth nyuma ya nyumba, Sekei, anaanika nepi, na kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa aliipokea kwa kuibana kati ya shavu na bega. Dokta hakusalimia. Huyu ndiye msimamizi wake wa shahada ya uzamili, mtu wa kuuliza kwanza hali ya mtoto, hali ya mume, hata hali ya mifugo ya mama mkwe, halafu ndipo aseme la kazi. Siku hiyo alianza na kazi, na Anneth akajua mambo yameharibika.

"Zile sampuli tatu za kahawa," alisema. "Siyo uyoga wetu."

"Siyo wetu kivipi, Dokta?"

"Ni lingzhi, ndiyo. Ila si ile niliyokupa. Wamesoma jeni zote, ukoo mwingine kabisa. Mtu amebadilisha mifuko."

Anneth akaketi juu ya ndoo aliyokuwa ameigeuza kuwekea beseni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, na haina ugumu kama watu wa chuo wanavyopenda ionekane. Lingzhi ni uyoga wa Kichina, mwekundu, mgumu, unang'aa kama umepakwa vanishi. Wachina wanauchemsha na kuunywa kama dawa tangu enzi za mababu zao, na ni mchungu balaa. Siku hizi hata hapa Arusha unauzwa, umesagwa, uko kwenye vikopo. Chuo kilitaka kujua kama ukioteshwa kwetu, kwa mabaki ya mashamba yetu, utabaki na ule uchungu wake wa dawa. Basi Anneth akapewa mbegu ya uyoga kutoka chupa moja, akaipanda kwenye mifuko, mingine ya vumbi la mbao za mgrivea, mingine ya maganda ya kahawa. Sasa, ndani ya kila kiumbe kuna jeni, yaani maagizo, chungu nzima, lakini hayafanyi kazi yote kwa wakati mmoja. Mengine yameamka, mengine yamelala. Uyoga ukikomaa anakata kipande, anakigandisha pale pale, kinapelekwa maabara ya nje kusomwa ni jeni zipi zilikuwa macho. Zilizokuwa zinatafutwa hasa ni zile za kutengeneza uchungu.

Majibu ya kwanza yalikuja matamu. Kwenye mifuko ya kahawa jeni za uchungu zilikuwa zimeamka kupita kiasi. Dokta Ezra alitangaza kikaoni, Anneth akapigiwa makofi, na Jumapili iliyofuata mchungaji akamtaja kanisani kuwa mkwe wa usharika huu ameleta heshima. Mama mkwe wake, Nanyori, alikuwa benchi la mbele, na watu walimpa mkono yeye kabla ya kumpa Anneth. Kumbe uyoga ulikuwa mchungu zaidi kwa sababu ulikuwa uyoga wa watu wengine.

"Kamati inakaa kesho saa tisa," Dokta alisema. "Mwenyekiti ni Profesa Susana. Nakwambia ukweli ili usije ukashtukia pale. Wanasema umetengeneza matokeo."

Mtu akifukuzwa chuo kwa kufeli, atarudia mahali pengine na watu watasahau. Akifukuzwa kwa udanganyifu, jina linatangulia mbele yake kila anakobisha hodi. Anneth alikuwa ameahidiwa nafasi ya ukufunzi msaidizi mwaka huo huo. Alikaa pale kwenye ndoo mpaka beseni la nepi likapoa, akalia, na hakulia kimya.

* * *

Tabitha, jirani anayeuza maziwa, alisikia kilio akaja mpaka kwenye ua wa michongoma. Alianza kwa kusema kwamba yeye hapendi umbea, na kila mtu Sekei anajua maana ya Tabitha kusema hivyo.

Alisema wakati ule Anneth yuko kitandani na kichanga, yeye Tabitha alikwenda Usa River kumwona dada yake. Akamwona Mama Lengai, yaani huyo huyo Nanyori, amesimama getini kwa kijana anaitwa Calvin, na kiroba mgongoni. Calvin ndiye anayeotesha ule uyoga wa kwenye vikopo. "Nikajisemea moyoni, yule mama na uyoga wapi na wapi," Tabitha alisema, akaenda zake kukamua.

Anneth hakuhitaji zaidi. Mifuko ilikuwa nyumbani kwa sababu pampu ya maji kwenye banda la chuo ilikufa wakati mimba yake iko ukingoni, na Dokta Ezra akaruhusu ihamishiwe kwenye kibanda alimokuwa akilaza ndama marehemu baba mkwe. Pana baridi na unyevu, uyoga unapapenda. Nanyori akajitolea kutunza. Kisha mtoto akazaliwa, na Nanyori akamfungia mzazi ndani miezi mitatu: mtori, maziwa, supu, maji ya moto, na marufuku kukanyaga nje kwenye ubaridi. Anneth ni Mchaga, mambo hayo hayakumshangaza, hata mama yake mzazi angefanya hivyo hivyo. Funguo ya kibanda ilikaa shingoni kwa Nanyori. Kila jioni alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda na kutoa habari za uyoga kama mtu anayetoa habari za mifugo. Wale wako wazima, wamekunywa, mmoja ameanza kutoa pembe. Anneth alikuwa akicheka mpaka mshono unauma.

Siku alipotoka ndani, uyoga ulikuwa umekomaa. Namba ziko kwenye mifuko kama alivyoziacha. Alikata, akagandisha, akapeleka.

Na yule beberu mweusi wa Nanyori? Alitoweka kipindi kile kile, Nanyori akasema ametolewa mnada wa mavuno kanisani. Nani angekwenda kumwuliza mchungaji habari za beberu? Sasa Anneth aliyaunganisha yote, kiroba, Calvin, beberu, na kila alipoyapanga yalikaa vizuri zaidi. Mama ameuza mifuko ya kahawa, akaweka mibovu ya Calvin mahali pake, na beberu naye amekwenda njia hiyo hiyo. Hasira ikamkausha machozi.

* * *

Lengai alirudi kutoka gereji, ananuka oili ya magari ya watalii, akamkuta mkewe amesimama mlangoni mwa jiko wakati mama yake yuko ndani anamlisha mtoto uji. Alimwuliza kuna nini. Hakujibiwa yeye.

"Mama, uliiuza mifuko yangu?"

Nanyori aliinua kichwa polepole. Alikuwa na kijiko mkononi, na mtoto, Naisiae, alikuwa amefungua mdomo anakisubiri.

"Sikuuza."

"Ulikwenda kwa Calvin, Usa River."

"Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

Mama alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akamalizia kijiko kile kwa mtoto kwanza. Kisha akauliza ni wapi Anneth anaitwa kesho, maana kilio cha mchana alikisikia. Akaambiwa ni chuoni, saa tisa. Akauliza kama kutakuwa na wazee waliokaa kusikiliza. Akaambiwa kuna kamati.

"Basi," alisema. "Mali ya mtu haizungumzwi jikoni."

Pengine angeachwa hapo mambo yangekwenda vingine. Lakini Anneth alikuwa amebeba siku nzima kifuani, na lile neno "basi" likammaliza. Alimwambia ameibiwa. Alimwambia angeomba hela angepewa, kwa nini aibe. "Umeniibia niko kitandani, mama. Huku unanilisha mtori, huku unaniibia."

Lengai alisema, "Anneth," akakwama hapo hapo. Kumwita mwizi mama wa Kiarusha, ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe, mbele ya mwanawe wa kuzaa, jamani, hata adui hafanyi. Nanyori hakupandisha sauti. Alimfuta mtoto mdomo, akamkabidhi kwa mama yake, akaosha bakuli lile dogo, akaenda kulala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Anneth aolewe nyumba ile kulala bila sala ya jioni, kwa sababu anayeisalisha ni yeye.

Lengai alimwambia mkewe kwamba mama yake si mwizi. Anneth akamwuliza, kama si mwizi, ni nani. Walilala kila mtu ameuelekea ukuta wake.

Asubuhi chumba cha Nanyori kilikuwa kitupu na kitanda kimetandikwa. Shuka lake zito halikuwepo. Anneth alisema amekimbia, na Lengai hakubisha.

* * *

Hakukimbia. Muda huo alikuwa anapanda njia ya Ilkiding'a, chini ya mlima, kwenda kwa kaka yake Lesian, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Alimkuta Lesian anatoa ng'ombe zizini. Hakutaka chai. Aliomba aingizwe nyumba ya zamani, ile ya nyasi, na ateremshiwe kile kifurushi alichokitundika juu ya moto.

Lesian alikiteremsha akakishika kifuani, hakumpa.

Alikuwa anaijua habari nzima, maana ndiye aliyesaidia kukitundika. Kibanda cha Sekei kiliingiliwa na vijidudu, vile vinavyozunguka ndizi mbivu, vikawa vinatua kwenye uyoga. Nanyori hakutaka kumsumbua mzazi. Akafanya analolijua. Alichukua vijiti vya oloirien, ule mti wa kufukizia vibuyu vya maziwa, akawasha, akafunga mlango, akauacha moshi ufanye kazi kama unavyofanya kwenye kibuyu na kwenye banda la ndama. Vijidudu vilikufa vyote. Na mifuko mitatu ya kahawa iliyokuwa karibu na makaa ilikufa pia, plastiki imejikunja, uyoga ndani yake umekuwa kahawia.

Kwao, ng'ombe wa mtu akifia zizini kwako kwa ugonjwa, unampelekea mwenyewe ngozi aione alama yake. Akifa kwa uzembe wako, unalipa mwingine, unalipa bila kelele, na yule mpya anawekwa alama ya mwenye mali. Baba yao alishalipa hivyo, na watu wa Ilkiding'a wanamtaja kwa heshima mpaka leo. Nanyori aliona amezembea, kwa hiyo alilipa. Alimpa Calvin beberu, akapata mifuko mitatu yenye uyoga wa umri ule ule. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika alama za Anneth juu yake, herufi kwa herufi. Na wale waliokufa akawapandisha huku wakaushwe, kwa sababu ngozi haitupwi mpaka mwenye mali aseme itupwe.

Alikusudia kusema Anneth akitoka ndani. Kila siku alijiambia kesho. Halafu yakaja makofi, akaja mchungaji, watu wakampa mkono pale benchi la mbele, na akaona aibu kufungua mdomo. Hilo ndilo kosa lake hasa, na alilijua mwenyewe.

"Umeshalipa," Lesian alimwambia. "Umelipa beberu mzima kwa vitu vya kuota kwenye gogo. Sasa unakwenda kujianika kwa wasomi wa nini? Watakuweka ndani."

"Mwenye mali ameniita mwizi."

"Ndiyo uende? Si ubaki huku mpaka akuombe radhi?"

"Ameniita mwizi kwa sababu hajaona ngozi," Nanyori alisema. "Nipe."

Lesian alimpa. Alisema maneno makali kuhusu wakwe wa siku hizi, akamsindikiza mpaka barabarani, akasimama pale hadi gari lilipopatikana.

* * *

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, na mlango uliovimba kwa mvua za masika ukawa haufungi vizuri. Profesa Susana, mwenyekiti, alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Kushoto kwake walikaa wajumbe wawili ambao Anneth aliwaona mara ya mwisho wakimpigia makofi. Dokta Ezra alikaa upande wa mwanafunzi wake, lakini kiti alikivuta nyuma kidogo, na Anneth alikiona kile kiti.

Walimwuliza mbegu aliitoa wapi. Akajibu. Walimwuliza alipanda siku gani, alihamisha lini, nani alishuhudia. Akajibu. Profesa Susana akafungua ripoti yake, akamsomea mwenyewe maneno yake: mifuko ilimwagiliwa na kukaguliwa na mtafiti kila siku.

"Mtafiti ni wewe?"

"Ndiyo, Profesa."

"Umejifungua tarehe hizi hapa. Ulikuwa unatoka kitandani kwenda kumwagilia?"

"Hapana, Profesa."

"Nani alikuwa anamwagilia?"

"Mama mkwe wangu."

"Yuko wapi kwenye ripoti?"

Hayupo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuushika uyoga ule. Anneth alikuwa ameona kuandika "mama mkwe" kwenye kazi ya jeni ni aibu, ingechekesha watu. Sasa hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja alisema basi mtu pekee aliyekuwa na njia ya kubadilisha, na faida ya kubadilisha, ni aliyeandika ripoti. Mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Dokta Ezra aliangalia meza.

Hapo ndipo Anneth alipoona shimo lilivyo refu, na akaona pia kamba iko wapi. Alijua akiishika itamvuta nani. Aliishika.

"Nafikiri mama mkwe wangu aliiuza mifuko," alisema. "Aliiuza kwa mtu wa Usa River, akaweka mingine. Sikujua. Amekimbia tangu asubuhi."

Alisikia nafuu, kweli alisikia, kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akasikia mtu anakohoa kule koridoni, nyuma ya mlango usiofungika, na kikohozi kile alikuwa anakijua. Ndicho kilichokuwa kikimwamsha usiku wa uzazi kabla ya uji.

Mlango ukasukumwa. Nanyori aliingia na shuka lake, na vumbi la Ilkiding'a miguuni. Mlinzi alikuwa amemweka kwenye benchi la koridoni zaidi ya saa nzima, akimwambia wahudumu wa usafi hupita mlango wa nyuma. Wajumbe wawili walisimama nusu, wakasema shikamoo, wakarudi kukaa. Anneth hakuweza hata hiyo shikamoo.

"Marahaba," Nanyori alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa natunza."

Profesa Susana akampa kiti. Hakukaa. Aliweka kifurushi juu ya ile meza, akakifungua fundo moja moja, na harufu ya moshi ikajaa chumba. Ndani mlikuwa na mifuko mitatu iliyojikunja, na juu ya plastiki, kwa mwandiko wa Anneth wenye kulalia kushoto, namba zilikuwa zinasomeka bado.

"Walikufa mikononi mwangu," alisema. "Niliwafukizia moshi kufukuza vijidudu, nikawaua. Nikalipa wengine watatu kwa beberu wangu, nikawatia alama ya mwenye mali. Kwetu ndivyo mtu anavyolipa. Sikumwambia kwa sababu alikuwa mzazi, nikaogopa maziwa yatakatika. Baadaye sikumwambia kwa sababu niliona aibu. Hizi ni ngozi zao. Yeye hakujua kitu."

Hakumtazama Anneth alipokuwa akisema hayo. Profesa Susana aliomba picha za mifuko iliyokatwa sampuli, akaziweka kando ya ile iliyoungua. Mwandiko wa kwenye picha ulikuwa umesimama wima, umebanwa kwa nguvu, kazi ya mtu anayechora herufi za mwenzake. Ziliangaliwa na wote, moja baada ya nyingine. Yule mjumbe aliyetikisa kichwa alisema vipande vya mifuko ile mikavu vinaweza kupimwa, ukoo utajulikana hata kama umekufa. Walikubaliana vipimwe.

Dokta Ezra ndiye aliyeuliza swali la mwisho, na aliliuliza kwa upole, kama mtu ambaye hataki jibu.

"Mama, moshi uliwapata hawa watatu tu, au wote?"

"Wote," Nanyori alisema. "Nilifunga mlango usitoke."

Dokta aliweka kalamu chini. Alieleza, akiwaangalia wenzake, kwamba kiumbe kikiteswa na joto au moshi kuna jeni zinazoamka kujitetea, na kwamba kwenye sampuli za mgrivea jeni hizo zilikuwa macho bila sababu, wakahangaika nazo wiki mbili wakidhani ni kosa la mashine. Sasa sababu imepatikana. Maana yake hakuna sampuli hata moja iliyo safi. Nanyori alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuyaelewa yote, ila aliona uso wa mkwewe, na akaelewa kwamba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, ndiye amemalizia waliobaki.

Uamuzi haukuchukua muda. Udanganyifu haukuonekana, vipimo vikithibitisha. Msimu mzima umefutwa, unaanza upya kuanzia chupa. Nafasi ya ukufunzi haitasubiri. Na kwa kuandika ripoti ya kazi aliyofanya mtu mwingine, Anneth atapewa onyo la maandishi. Walipokuwa wanakusanya vitu vyao, Dokta Ezra alimsogelea Nanyori akamwuliza taratibu huyo Calvin anakaa Usa River sehemu gani, maana uyoga wake ni mchungu ajabu. Nanyori akamwelekeza vizuri, mpaka rangi ya geti.

* * *

Nje, njia ya kwenda getini imepandwa masale pande zote mbili, yale majani marefu ya kijani ambayo Wachaga hupanda mipakani. Nanyori alitangulia, kifurushi mkononi, kwa mwendo wa mtu anayejali magoti yake. Anneth alikuwa nyuma yake. Alikuwa na mengi ya kusema na kila alilolianza moyoni lilimrudisha kwenye lile moja alilolisema mbele ya kamati. Jana jikoni ilikuwa hasira. Leo haikuwa hasira. Leo alipima, akachagua, na mama alikuwa nyuma ya mlango anasikia.

Alisimama, akachuma isale moja, akalifunga fundo kama alivyomwona bibi yake akifanya. Akamkimbilia mama mkwe, akapita mbele yake, akapiga magoti pale pale kwenye changarawe, wanafunzi wanapita wanatazama.

"Mama, nimekosa," alisema, na jani amelishika kwa mikono miwili.

Nanyori alilitazama lile jani. Amekaa na Wachaga mjini vya kutosha, anajua mtu akiletewa isale hakatai kusamehe. Anneth naye alijua kwamba mama si Mchaga, na kwamba akitaka kukataa hakuna mila ya kwao inayomzuia.

"Hili ni la kwenu," Nanyori alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwetu mtu akiomba radhi anang'oa majani ya ng'ombe tu, haya ya chini." Alilichukua. Akalichomeka kwenye fundo la shuka, kisha akamkabidhi Anneth kile kifurushi. "Inuka. Beba ngozi zako. Si zangu."

Walitembea mpaka getini. Mlinzi aliwafungulia, safari hii akasema shikamoo, na Nanyori akamwitikia bila kinyongo. Barabarani, wakisubiri gari la kurudi mjini, Anneth aliuliza kitu ambacho kilimtoka kabla hajakifikiria. Alisema mbegu mpya itatoka mwezi ujao, na kibanda kitafagiliwa kitolewe moshi, na safari hii jina la mama litaandikwa juu kabisa kwenye ripoti. Je, atamtunzia?

"Hapana," Nanyori alisema.

Alisema bila hasira, akiangalia upande wa Meru, mahali ambapo wingu lilikuwa limeshuka mpaka mashambani.

"Mali ya mtu sitashika tena. Utatunza mwenyewe, asubuhi na jioni, uione kwa macho yako. Mimi nitakushikia Naisiae. Huyo si mali ya mtu, ni wangu."

Anneth alifunga mikono kukizunguka kile kifurushi. Maziwa yalikuwa yameanza kuvuja, blauzi imelowa kifuani, na hakuwa na mkono wa kujifuta. Nanyori aliliona doa lile. Akavua shuka lake, akamfunika.